Mwongozo kamili wa kusoma na kutolea maoni sheria za ufuatiliaji wa satelaiti na mabaki ya anga za juu, kwa msomaji wa Kigoma

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya diwani, mwalimu wa fizikia, mwanafunzi wa sheria, ofisa mtendaji wa kata na mwananchi yeyote wa Mkoa wa Kigoma anayetaka kuelewa jinsi serikali zinavyotunga sheria za kufuatilia satelaiti na mabaki yake ili visigongane, na anayetaka kuwa tayari kutoa maoni yenye uzito pale sheria ya namna hiyo itakapoletwa mezani kwetu. Unahitaji simu au kompyuta yenye intaneti, daftari, na jioni kadhaa za utulivu. Huhitaji shahada ya sheria wala ya uhandisi.

Wapo watakaouliza Kigoma inahusikaje na sheria zinazotungwa Washington, Paris au Brussels. Jibu la kwanza ni la kijiografia. Kila chombo kinachoizunguka Dunia huvuka ikweta mara mbili katika kila mzunguko, isipokuwa vile vinavyokaa juu ya ikweta yenyewe, na mji wa Kigoma uko chini ya nyuzi 5 kusini mwa ikweta. Kwa hiyo karibu satelaiti zote za obiti ya chini (njia ya kuizunguka Dunia iliyo karibu nayo zaidi), nzima na zilizokufa, hukata latitudo yetu mara nyingi kila siku. Wavuvi wanaotoka Kibirizi na Katonga katika usiku wa giza, wakati taa zao huvuta dagaa vizuri zaidi, wamezoea kuona vinukta vya mwanga vikivuka anga la Ziwa Tanganyika bila kupepesa. Jibu la pili ni kwamba ndani ya vinukta hivyo mna mawasiliano yetu, picha za mawingu zinazotumika katika utabiri wa hali ya hewa, na ishara zinazoiambia simu ya nahodha yuko wapi majini. Mwenye kutumia kitu na kuishi chini yake ana haki ya kusema namna kinavyopaswa kusimamiwa.

Hatua ya kwanza: elewa kile ambacho sheria inajaribu kukiona

Usianze na vifungu. Anza na hali halisi, kwa sababu sheria nyingi za eneo hili husomeka vizuri huku zikiahidi jambo ambalo vyombo vya kupimia haviwezi kulitimiza.

Satelaiti iliyo katika obiti ya chini husafiri kwa kasi ya takriban kilomita 7.5 kwa sekunde. Vyombo viwili vinavyokutana kutoka pande tofauti vinaweza kugongana kwa kasi inayozidi kilomita 10 kwa sekunde, na kwa kasi hiyo kipande cha sentimita 1 kinatosha kuiharibu satelaiti nzima. Shirika la Anga la Ulaya, ESA, linakadiria kuwa vipande vinavyozidi sentimita 1 ni zaidi ya 1,000,000, ilhali vitu vinavyofuatiliwa mara kwa mara na kuorodheshwa ni takriban 40,000 tu. Sababu ya pengo hilo ni uwezo wa vifaa: rada nyingi za kijeshi huona kwa uhakika vitu vyenye ukubwa wa kuanzia sentimita 10 hivi katika obiti ya chini, na darubini zinazotazama obiti ya mbali ya kilomita 36,000 huhitaji kitu kikubwa zaidi, cha karibu mita 1. Kila unaposoma neno "kufuatilia" katika muswada, jiulize ni vipande vya ukubwa gani vinavyozungumziwa.

Jambo la pili la kulielewa ni kwamba kufuatilia ni kukadiria. Tarehe 10 Februari 2009, satelaiti ya mawasiliano ya Marekani iitwayo Iridium 33, iliyokuwa ikifanya kazi, iligongana na Kosmos 2251 ya Urusi, iliyokuwa imekwisha kufa, karibu kilomita 790 juu ya Siberia. Makadirio yaliyokuwa wazi kwa umma siku hiyo yalionyesha kuwa vingepishana kwa mita 584. Mgongano huo ulizalisha vipande takriban 2,000 vikubwa vya kutosha kuorodheshwa. Ndiyo maana waendeshaji hawasemi "vitagongana" au "havitagongana", bali hutaja uwezekano, na wengi wao huanza kufikiria kuhamisha satelaiti yao pale uwezekano unapofikia 1 kati ya 10,000.

Kumbuka pia kwamba mabaki mengine yametengenezwa kwa makusudi. Januari 2007 China iliipiga kwa kombora satelaiti yake ya hali ya hewa, Fengyun-1C, na vipande vilivyoorodheshwa vilizidi 3,000. Novemba 2021 Urusi iliipiga satelaiti yake ya zamani, Kosmos 1408, na kuzalisha zaidi ya 1,500. Sheria inayowabana wafanyabiashara peke yao na kuyaacha majeshi nje inaacha sehemu kubwa ya tatizo mlangoni.

Hatua ya pili: ifuatilie satelaiti moja wewe mwenyewe

Hatua hii inaweza kuonekana kama mchezo wa wanafunzi, lakini naiona kuwa ya lazima. Mtu aliyewahi kuitafuta satelaiti angani kwa kutumia takwimu za hadharani husoma kifungu cha "kushirikishana taarifa" kwa macho mengine kabisa.

Ingia tovuti ya CelesTrak, ambako takwimu hupatikana bila kujisajili, au fungua akaunti ya bure katika Space-Track, inayotoa orodha ya Jeshi la Marekani. Tafuta Kituo cha Kimataifa cha Anga za Juu, chenye namba ya orodha 25544. Utapata mistari miwili ya tarakimu, kila mmoja ukiwa na nafasi 69. Humo mna mwinamo wa obiti (pembe yake na ikweta), idadi ya mizunguko kwa siku, na, kilicho muhimu zaidi kwetu, wakati ambao makadirio hayo yalitengenezwa. Uandike wakati huo daftarini. Makadirio ya aina hii huwa na hitilafu ya takriban kilomita 1 yakiwa mapya, na hitilafu huongezeka kila siku inayopita, kwa sababu hewa nyembamba ya juu hukivuta chombo kwa nguvu isiyolingana siku zote.

Kisha ingiza mahali ulipo katika programu yoyote ya kutabiri mipito. Kwa Kigoma mjini tumia latitudo 4.88 kusini na longitudo 29.63 mashariki, walio Kasulu, Kibondo au Uvinza watumie vipimo vya simu zao. Takwimu huandikwa kwa saa za dunia, yaani UTC, ambazo ziko nyuma ya saa zetu kwa saa 3, hivyo 16:30 ya UTC ni saa 1:30 usiku kwetu. Kigoma iko magharibi kabisa mwa nchi, na jua lake huzama karibu saa 1 jioni, wakati Dar es Salaam giza limekwisha kuingia; wakati mzuri wa kutazama ni ndani ya muda wa saa moja na nusu hivi baada ya hapo, au kabla ya mapambazuko, pale ardhi inapokuwa gizani na satelaiti bado inapigwa na jua. Rudia zoezi hili kwa takwimu za siku hiyo, kisha kwa takwimu za wiki mbili zilizopita, na ulinganishe dakika. Tofauti utakayoiona ndiyo hoja ya sheria nzima: taarifa iliyochelewa ni taarifa iliyopungua thamani.

Hatua ya tatu: soma mikataba kabla ya sheria za nchi

Sheria za nchi zimejengwa juu ya mikataba minne ya Umoja wa Mataifa, nayo ni mifupi kuliko watu wanavyodhani. Isome kwa mpangilio ufuatao.

Mkataba wa Anga za Juu wa 1967 ndio msingi. Ibara ya VI inaifanya kila nchi iwajibike kwa shughuli za anga za juu za taifa lake, zikiwemo za kampuni binafsi, na kuitaka itoe idhini na kusimamia bila kukoma. Hapa ndipo leseni zote za satelaiti zinapochota uhalali wake. Ibara ya VIII inasema kwamba nchi iliyosajili chombo hubaki na mamlaka juu yake na kwamba umiliki haupotei kwa sababu chombo kiko angani au kimerudi duniani. Ibara ya IX inazitaka nchi zijali maslahi ya nchi nyingine na zishauriane pale shughuli inapoweza kuleta madhara.

Mkataba wa Uokoaji wa 1968 unahusu, pamoja na wanaanga, vyombo vilivyoanguka. Ibara ya 5 inaitaka nchi itakayogundua chombo au kipande katika ardhi yake iijulishe mamlaka iliyokirusha pamoja na Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa. Kama kuna sababu ya kuamini kuwa kitu hicho ni cha hatari, mamlaka iliyokirusha inapaswa kuchukua hatua mara moja kuondoa hatari hiyo.

Mkataba wa Dhima wa 1972 ndio unaostahili kalamu nyekundu. Unatofautisha mahali pa madhara. Chombo kikileta madhara juu ya uso wa Dunia au kwa ndege iliyo angani, nchi iliyokirusha inalipa hata kama haikufanya kosa lolote. Kikileta madhara kwa chombo kingine huko juu, inalipa tu ikithibitika kuwa ilikosea. Sasa rudi kwenye mgongano wa 2009 ujiulize: kosa lilikuwa la nani, ikiwa hakuna kanuni iliyosema nani ampishe mwenzake? Bila kanuni za mwenendo, neno "kosa" halina kipimo, na mkataba unabaki na tundu katikati yake. Sheria za kisasa za ufuatiliaji, kwa maoni yangu, ni jitihada za kuliziba tundu hilo polepole.

Mkataba wa Usajili, uliofunguliwa kutiwa saini mwaka 1975, unazitaka nchi zitoe taarifa za vyombo vilivyorushwa. Lakini unasema taarifa zitolewe mapema inavyowezekana, bila kuweka siku, na hauhitaji kutaja kila chombo kinapobadilisha njia. Ni daftari la vizazi. Halikukusudiwa kuwa kituo cha kuongozea safari.

Ukimaliza, tazama jedwali la hadhi ya mikataba linalotolewa na Ofisi ya Umoja wa Mataifa ya Masuala ya Anga za Juu iliyoko Vienna, uone kila nchi ya Afrika Mashariki imetia saini mkataba upi na kuridhia upi. Andika matokeo hayo daftarini, kwa maana utayahitaji katika hatua ya sita.

Hatua ya nne: pima uzito wa kila hati

Kosa linalowapotosha wasomaji wengi ni kuziita hati zote "sheria". Serikali hutumia vyombo vya ngazi tofauti, na nguvu yake hailingani.

Marekani ni mfano mzuri, kwa kuwa ina kila ngazi kwa wakati mmoja. Iko sheria iliyotungwa na Bunge, kifungu cha 2274 cha Sura ya 10 ya sheria zao, kinachomruhusu Waziri wa Ulinzi kuwapa watu na nchi nyingine taarifa za ufuatiliaji. Yako maelekezo ya rais ya tarehe 18 Juni 2018, yaliyoagiza kazi ya kuwahudumia waendeshaji wa kiraia ihamishwe kutoka jeshini kwenda Wizara ya Biashara. Mfumo uliotokana nayo, TraCSS, ulianza kuhudumia watumiaji wa kwanza Septemba 2024. Iko kanuni ya tume ya mawasiliano, FCC, iliyopitishwa Septemba 2022, inayotaka satelaiti za obiti ya chini ziondolewe ndani ya miaka 5 baada ya kazi yake kwisha, badala ya miaka 25 iliyokuwa mwongozo wa zamani. Na iko miswada, kama ule wa ORBITS wa kugharimia uondoaji wa mabaki, uliopita Seneti mwaka 2022 na tena 2023 bila kuwa sheria katika nyakati hizo.

Tazama jinsi ngazi inavyoleta tofauti. Bajeti iliyopendekezwa na Ikulu ya Marekani kwa mwaka wa fedha 2026 ilitaka mfumo wa TraCSS usitishwe, mfumo ambao ulikuwa umechukua miaka kuujenga. Jambo lililosimama juu ya maelekezo na bajeti linaweza kuangushwa na maelekezo na bajeti. Kwa upande mwingine, kanuni zilizofungwa ndani ya leseni zina meno: Oktoba 2023 FCC iliitoza kampuni ya DISH faini ya dola 150,000 kwa kutoihamisha satelaiti yake EchoStar-7 hadi kimo ilichoahidi. Faini hiyo ni ndogo mno kwa kampuni ya ukubwa huo, nami sioni sababu ya kuisifia kwa kiasi chake, lakini ilithibitisha kwamba ahadi ya leseni inaweza kudaiwa.

Ulaya imekwenda kwa njia nyingine. Uamuzi wa mwaka 2014 uliunganisha rada na darubini za nchi wanachama katika mfumo mmoja, na kanuni ya 2021 ikauimarisha. Juni 2025 Tume ya Ulaya ilipendekeza sheria moja ya anga za juu, ambayo ingewahusu pia waendeshaji wa nje wanaouza huduma ndani ya Ulaya. Ufaransa ilikuwa imetangulia kwa sheria yake ya tarehe 3 Juni 2008, inayomtaka mwendeshaji apate idhini na kuonyesha atakavyokimaliza chombo chake. Miongozo ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2007 kuhusu mabaki, pamoja na ile 21 ya mwaka 2019 kuhusu uendelevu, haimlazimishi mtu. Hata hivyo isome, kwa sababu sheria nyingi za nchi hunakili maneno yake.

Hatua ya tano: upitie muswada kwa maswali matatu

Chukua muswada wowote, kalamu, na maswali haya: nani anaona, nani anapisha, nani analipa. Mengine yote yananing'inia hapo.

Nani anaona. Tafuta kifungu kinachotaja chombo cha serikali chenye wajibu wa kufuatilia au kununua taarifa, kisha angalia kama kinalazimishwa au kinaruhusiwa tu. Nchi isiyo na rada si lazima ijenge. Inaweza kuingia makubaliano na wenye nazo. Lakini sheria iseme nani anapokea tahadhari saa 8 usiku, na ana muda gani wa kumfikia mwendeshaji. Angalia pia wajibu wa mwendeshaji mwenyewe. Mwenye satelaiti huijua njia yake kuliko rada ya mbali, hivyo sheria nzuri humtaka atoe takwimu za njia yake na kutangaza mapema kila anapotaka kuibadilisha. Uganda, Rwanda na Kenya zote zimekwisha kuwa na satelaiti ndogo, nyingine zikiwa ndogo kiasi cha kubebwa mkononi. Vyombo vya aina hiyo mara nyingi havina injini ya kukwepa, na kwa hivyo taarifa sahihi ndiyo kinga yake pekee. Kifungu kinachodai injini kwa kila satelaiti kinaweza kuufunga mlango wa vyuo vyetu. Kifungu kinachodai obiti ya chini zaidi, ambako chombo hushuka chenyewe baada ya muda mfupi, kingefikia lengo lile lile kwa gharama nafuu.

Nani anapisha. Hapa miswada mingi hunyamaza. Septemba 2019 ESA ililazimika kuihamisha satelaiti yake Aeolus kwa sababu uwezekano wa kugongana na satelaiti ya Starlink, mtandao wa intaneti wa kampuni ya SpaceX, ulikuwa umefika 1 kati ya 1,000, mara kumi ya kiwango chake cha kuchukua hatua. Mawasiliano yalifanyika kwa barua pepe, na kampuni ya upande wa pili ilieleza baadaye kuwa hitilafu katika mfumo wake wa kuwaita wahudumu iliwafanya wasione tahadhari ya mwisho. Hakuna kanuni iliyokuwa ikisema nani asogee. Katika Ziwa Tanganyika kila nahodha anajua kwamba boti mbili zinazoelekeana zina utaratibu wa kupishana, na kwamba anayeukiuka ndiye mkosaji. Huko juu utaratibu wa namna hiyo bado haujaandikwa katika mkataba wowote. Muswada usiotaja kiwango cha uwezekano, muda wa kujibu, na upande wa kusogea pale mmoja ana injini na mwingine hana, uuandikie maoni marefu.

Nani analipa. Soma vifungu vya bima, ukomo wa dhima na dhamana ya serikali kwa pamoja, kamwe usivitenganishe. Ukomo wa dhima una maana kwamba juu ya kiasi fulani mzigo unahamia kwa mlipa kodi. Angalia pia gharama za kuondoa mabaki ya zamani, na ukumbuke Ibara ya VIII: kipande cha roketi kilichozagaa tangu miaka ya 1970 bado kina mwenyewe, wala huwezi kukiondoa bila ridhaa yake.

Mwisho wa hatua hii, tafuta kifungu cha misamaha. Kama jeshi limeondolewa katika sheria yote kwa sentensi moja, pendekeza angalau wajibu wa kutoa taarifa za mahali vyombo vilipo na katazo la majaribio ya kulipua satelaiti.

Hatua ya sita: andika maoni na uyafikishe

Nchini Tanzania muswada wa serikali huchapishwa katika Gazeti la Serikali, husomwa mara ya kwanza bungeni Dodoma, kisha hupelekwa katika kamati ya kudumu inayohusika. Kamati hualika wadau watoe maoni, na huo ndio mlango wako. Mlango wa pili ni mikataba: Ibara ya 63(3)(e) ya Katiba inalipa Bunge kazi ya kujadili na kuridhia mikataba inayohitaji kuridhiwa, hivyo unaweza kumwandikia mbunge wako kuhusu mkataba hata kama hakuna muswada. Mlango wa tatu ni mashauriano ya kanuni za mawasiliano yanayoendeshwa na TCRA, kwa kuwa satelaiti hutumia masafa, na leseni ya masafa ni mahali pazuri pa kuweka masharti.

Maoni yawe mafupi. Taja kifungu, taja tatizo, andika maneno mbadala. Mfano huu unaweza kuurekebisha utakavyo:

"Kifungu kinachompa Waziri uwezo wa kutunga kanuni za ufuatiliaji hakitaji muda. Napendekeza kiongezwe kifungu kidogo kisemacho: Mwenye leseni atawasilisha kwa Mamlaka takwimu za njia ya chombo chake angalau mara moja kila siku, na atatoa taarifa ya mabadiliko ya njia yaliyopangwa kabla ya kuyatekeleza, na Mamlaka itazifikisha taarifa hizo kwa watoa huduma wa tahadhari ndani ya muda utakaowekwa katika kanuni."

Kamati hupokea makaratasi mengi, na lile lenye maneno yaliyo tayari kuingizwa katika sheria husomwa hadi mwisho.

Hatua ya saba: ijue sheria inavyofanya kazi kitu kinapoanguka

Tarehe 30 Desemba 2024 pete ya chuma yenye kipenyo cha mita 2.5 hivi na uzito wa takriban kilo 500 ilianguka katika kijiji cha Mukuku, Kaunti ya Makueni, Kenya. Shirika la Anga za Juu la Kenya lilitangaza kuwa ni sehemu ya roketi, eneo likazingirwa, na hakuna aliyeumia. Lingeweza kutokea Buhigwe au Kakonko, na watu wa kwanza kufika wangekuwa majirani wenye shamba.

Usiguse. Matangi ya roketi yanaweza kuwa na mabaki ya haidrazini, kemikali yenye sumu kali hata kwa kuvuta hewa yake, au gesi iliyobanwa. Watoto na mifugo waondolewe, na watu wasimame upande upepo unakotokea. Piga picha kwa mbali, andika saa, na usome vipimo vya mahali kwenye simu. Mjulishe ofisa mtendaji wa kijiji au kata, kisha polisi kwa 112 na Zimamoto kwa 114. Sheria ya Menejimenti ya Maafa ya mwaka 2022 ndiyo njia ya kuifikisha habari kutoka ngazi ya kijiji hadi ya taifa. Ombeni Tume ya Nguvu za Atomiki ije kupima mionzi kabla kitu hakijahamishwa. Ombi hilo si la woga: Januari 1978 satelaiti ya Kisovieti, Kosmos 954, ilianguka kaskazini mwa Kanada ikiwa na kinu cha nyuklia, na usafishaji ulichukua miezi.

Kipande kisiuzwe kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, hata kama kimelala katika shamba lako, kwa sababu kina mwenyewe kisheria na pia ndicho ushahidi wako. Namba zilizochongwa juu yake ndizo zitakazowezesha wataalamu kukilinganisha na orodha ya vitu vilivyoanguka siku hiyo. Kikitumbukia ziwani, nahodha aandike vipimo vya mahali na kutoa taarifa kwa mamlaka za ufukweni bila kujaribu kukivuta kwa nyavu. Ziwa Tanganyika ni la nchi nne, na mahali halisi kilipozama ndipo patakapoamua ni serikali ipi inayotoa taarifa.

Ikiwa kuna hasara, tathmini ifanyike mapema na iandikwe: paa, mazao, mifugo, gharama za matibabu, siku za kazi zilizopotea, pamoja na picha na mashahidi. Mtu binafsi hawezi kwenda mwenyewe kudai chini ya Mkataba wa Dhima. Dai hupelekwa na serikali kwa njia ya kidiplomasia, yaani kupitia wizara inayoshughulikia mambo ya nje, ndani ya mwaka 1 tangu madhara yatokee au tangu nchi iliyorusha itambuliwe. Wahusika wakishindwa kuelewana ndani ya mwaka 1 baada ya dai kuwasilishwa, upande wowote unaweza kuomba iundwe Tume ya Madai. Kanada ilidai karibu dola milioni 6 za nchi hiyo kwa ajili ya Kosmos 954, na mwaka 1981 Umoja wa Kisovieti ulikubali kulipa milioni 3. Dai la Kanada lilisimama juu ya hesabu ya gharama za usafishaji, na hesabu ya namna hiyo katika mkoa wetu itaanza na daftari la mtendaji wa kijiji.